Mlolongo wa Ndara

"Mmoja!"

Hapo ndipo tulipomwacha Mwanatumu wiki jana. Jua la adhuhuri limemkalia utosini, picha ya Bi Jaha, mgombea wake, ameikumbatia kifuani, na kidole cha Bwana Lewa, msimamizi wa uteuzi, kimeelekezwa kwenye paji la uso wake kama cha mtu anayehesabu mbuzi mnadani.

Mmoja. Wala si mzaha. Bwana Lewa hakuwa na mzaha Jumatatu ile. Alikuwa na suti ya kaunda, filimbi shingoni na fomu ya serikali mkononi, na mtu mwenye vitu vitatu hivyo hafanyi mzaha, hufanyiwa.

Nyuma ya Mwanatumu hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndara. Ndara za buluu, ndara nyekundu, makubadhi, viatu vya plastiki, na kwa wale wasio na viatu, kofia au jiwe. Alama mia mbili na kumi na tatu, zimepangwa moja nyuma ya nyingine kwenye uwanja wa skuli ya Kisima Chungu, na wenyewe wamo msikitini na majumbani, wanasali.

Msomaji wa mjini atacheka. Na acheke. Yeye ana mfereji jikoni. Kisima Chungu kuna bomba moja tu, na maji yake huja yakipenda, kama mgeni tajiri. Kwa hiyo watu hupanga madebe alfajiri, wakenda zao baharini au shambani, na debe likashika zamu ya mwenyewe mpaka arudi. Hakuna anayelisogeza. Mlinzi wa bomba hilo ni Mwanatumu, ambaye hasemi na watu lakini anajua kila debe ni la nani, hata lililopakwa rangi jana.

Basi walipoambiwa kura ya mwaka huu wa themanini na nane ni ya kupanga mstari, watu walifurahi. Kupanga mstari wanajua! Adhuhuri ilipoingia wakavua viatu pale pale waliposimama, kwa kuwa mlangoni mwa msikiti wangevivua tu, wakaenda zao. Wale wasiosali nao wakavua, wakaenda kunywa maji. Kosa lao, kama ni kosa, ni kudhani kuwa mlolongo wa kura una adabu kama mlolongo wa maji.

"Bwana," alisema Mwanatumu, "wamekwenda kusali."

Alisema kwa sauti ile yake ambayo hata aliyesimama ubavuni humwambia arudie.

"Nini?"

"Wamekwenda kusali. Wewe mwenyewe uliwaruhusu."

"Niliwaruhusu kusali," alisema Bwana Lewa. "Sikuwaruhusu kutokuwepo."

"Ndara zao hizi hapa."

"Naziona. Ndara nzuri. Hebu mwambie hii ya buluu anitajie namba ya kadi yake ya Chama."

Upande wa pili wakaangua kicheko. Upande wa pili ulikuwa na nafasi ya kucheka, maana ulikuwa kivulini. Mheshimiwa Aboud Bwanamkuu, diwani wetu wa miaka tisa, alikuwa amepewa ukuta wa stoo ya skuli, na picha yake ya rangi imetundikwa hapo ndani ya fremu ya dhahabu. Bi Jaha alipewa jua. Kura ilipigwa ya kuchagua upande, tuliambiwa, na aliyeipiga ni Mheshimiwa.

"Mheshimiwa Aboud Bwanamkuu," alisoma Bwana Lewa, "watu mia moja na arubaini na mbili. Bi Jaha, mmoja. Wewe ndiye wakala wake. Tia sahihi hapa, au dole gumba kama hujui kalamu."

Mheshimiwa mwenyewe akasogea, mikono nyuma. Huyu ni mtu ambaye kila Ijumaa husali safu ya mbele ili waliopo nyuma wamwone. Lakini Jumatatu ile aligundua kwamba yumo safarini, na msafiri ana ruhusa ya kuchelewesha, kwa kuwa alikuwa ametoka nyumbani kwake, mwendo wa hatua mia mbili.

"Mwanangu Mwanatumu," alisema kwa huruma, "jua kali hili. Tia sahihi ukapumzike. Na hilo bomba usiwe na wasiwasi nalo. Mimi nitalijengea ukuta."

Sasa hapo ndipo penyewe. Ukuta huo ulikuwa unajulikana. Ulikuwa ukuta wa gesti yake mpya, na bomba lingekuwa ndani, na lango lingekuwa na kufuli, na kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mfuko wa kukaa. Watu wa Kisima Chungu wangepanga madebe yao langoni kwa Mheshimiwa, wakisubiri watalii wamalize kuoga. Naye Mwanatumu angerudi nyumbani kuangalia miguu yake.

"Siwezi," alisema.

"Nini?"

"Nasema siwezi."

Kabla Bwana Lewa hajamwambia arudie mara ya tatu, mlango wa msikiti ukafunguka.

Walitoka mbio. Si mbio za kura, mbio za mchanga! Mchanga wa saa saba, na mtu peku. Waume walirukaruka kama bisi sufuriani, wazee wameshika kanzu juu ya magoti, wake zao wakitokea majumbani wanakimbilia viatu. Kila mtu akaenda moja kwa moja kwenye ndara zake, akaingiza miguu, akasimama. Hapakuwa na kusukumana. Hapakuwa na "hapa pangu." Kufumba na kufumbua, mlolongo wa viatu ukawa mlolongo wa watu, mrefu mpaka kwenye magoli ya mpira.

Mheshimiwa aliutazama mlolongo huo kama mtu aliyeletewa hesabu ya karamu aliyodhani amealikwa.

Bwana Lewa akapuliza filimbi.

"Hesabu imefungwa!"

"Imefungwa na nani?" waliuliza.

"Na mimi."

"Sisi tulikuwepo!"

"Viatu vyenu vilikuwepo. Kanuni inasema mtu asimame nyuma ya wakala. Haikutaja ngozi wala plastiki."

"Alaa! Hata bombani debe lashika zamu!" alipiga kelele mzee mmoja mwenye jiwe mkononi, maana yeye hakuwa na viatu, na jiwe lile ndilo lililokuwa yeye.

"Hili si bomba, mzee. Hii ni siasa."

"Ndiyo maana ina kutu!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimuuma Bwana Lewa kuliko jiwe. Mheshimiwa akaona mambo yanaharibika. Akapanda juu ya tofali, akainua mkono, na sauti yake ikawa asali.

"Ndugu zangu, tusigombane. Mimi nauliza swali moja tu, na simsemi vibaya mtoto wa watu. Nyinyi nyote mlikwenda kusali. Huyu wakala wenu hakwenda. Mbona? Nani alimwambia abaki? Alikuwa akizungumza nini na msimamizi, peke yao, nyinyi mkiwa kwenye sijida?"

Vichwa mia mbili na kumi na tatu vikageuka.

"Ni kweli," alisema mmoja polepole. "Mwanatumu, mbona wewe hukwenda?"

Wasomaji wa kike wamekwisha jua jibu tangu wiki jana. Wasomaji wa kiume waulize nyumbani. Mwanatumu alikuwa na udhuru wake wa kila mwezi, na jibu lilikuwa la maneno matatu, lakini afadhali angekunywa kile kisima chungu chote kuliko kuyatamka mbele ya waume mia. Machozi yakaanza kumlengalenga, na kwa mtazamaji, machozi ya haya na machozi ya hatia ni maji yale yale.

"Kanunuliwa!" sauti ikatoka nyuma.

"Tangu lini?"

"Muulizeni!"

Mlolongo ukaanza kulegea. Wawili wakatoka. Wa tatu akatoka, akarudi kuchukua kofia yake.

Ndipo Bi Jaha alipofika. Mgombea, kwa kanuni, alitakiwa akae mbali na mlolongo wake, na Bi Jaha alikuwa ameketi kibarazani kwa jirani tangu asubuhi, akifuata kanuni peke yake. Aliposikia neno "kanunuliwa" akaiacha kanuni kibarazani.

"Shikamoo, Bi Jaha," watu walisema, wengine wakitazama chini.

"Marahaba. Nani kauliza swali?"

"Mimi," alisema Mheshimiwa, bado yuko juu ya tofali.

Bi Jaha alimtazama Mwanatumu mara moja tu. Mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji hahitaji kutazama mara mbili.

"Aboud," alisema. "Wewe una mama. Una dada wanne. Una wake wawili na mabinti watano. Na mpaka leo, na mvi hizo, hujui kwa nini siku nyingine mwanamke haukaribii msala?"

Wanawake wa mlolongo wakapasuka kwa kicheko, kicheko kile cha harusini cha kushikana mabega. Wanaume wakaanza kutazama mawingu ambayo hayakuwepo. Mheshimiwa akashuka kwenye tofali taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa alikuwa amelikopa. Naye Mwanatumu, masikini, akainua picha ya Bi Jaha akajifunika uso wote, ikawa Bi Jaha wako wawili uwanjani, mmoja akifoka na mmoja akitabasamu.

"Haya," alisema Bi Jaha. "Rudini kwenye nafasi zenu. Na wewe, bwana wa filimbi, hesabu watu."

"Nimekwisha kuhesabu."

"Mzee, samahani," ikasikika sauti nene kutoka kivulini.

Alikuwa Ochola, mwashi kutoka bara, kibarua kwenye hiyo gesti ya Mheshimiwa. Alisimama katika mstari wa Mheshimiwa kwa sababu lori la Mheshimiwa ndilo lililomshusha hapo, pamoja na kadi mpya ya Chama ambayo wino wake ulikuwa bado unashika vidole.

"Nini tena?" alisema Bwana Lewa.

"Mzee, mimi ulinihesabu namba tisa."

"Vizuri. Simama hapo."

"Halafu tukaambiwa tupite nyuma ya stoo mbio, tushike mkia wa laini. Ukakuja ukanihesabu tena. Namba themanini." Ochola akakuna kichwa. "Sasa mimi nauliza tu, mzee. Ile gavumenti itanipatia wadi mbili ama namna gani?"

Hata wa kivulini wakacheka, na kucheka kwao ndiko kulikoharibu zaidi, kwa maana kila mmoja alikuwa anacheka mara mbili. Mwanatumu, nyuma ya picha, akapiga hesabu. Tisa na themanini. Kati yake sabini na moja. Watu sabini na mmoja walikuwa wamezungushwa wakazaa mia moja na arubaini na mbili, na uzazi ulikuwa salama mpaka Ochola alipofungua kinywa.

"Ochola!" alifoka Mheshimiwa. "Kesho usije kazini!"

"Kesho siji," alisema Ochola. "Leo pia nimetoka." Akavuka uwanja, akatoka kivulini akaingia juani, akasimama nyuma kabisa ya mlolongo wa Bi Jaha. "Dada wa bomba, debe yangu huwa unaniwekea mpaka nitoke job. Hujawahi kuniambia mimi si mtu ya hapa."

Ilikuwa ndiyo hotuba bora ya kampeni nzima, na aliyeitoa hakuwa anagombea kitu.

Sasa watu walikuwa wamemzunguka Bwana Lewa. Hawakumgusa. Walimsogelea tu kwa adabu, hatua moja moja, wakimwambia "tafadhali bwana" kwa namna ambayo iliifanya suti ya kaunda iwe na maji mgongoni. Akamtazama Mheshimiwa. Na hapo Mheshimiwa akafanya jambo la ajabu.

Akatabasamu.

"Hesabuni tena," alisema. "Haki itendeke. Mimi ni mtu wa haki."

Bi Jaha akakunja uso. Anamjua Aboud tangu wakiwa watoto, na tabasamu lile aliliona mara ya mwisho siku mpaka wa shamba la marehemu kaka yake uliposogea wenyewe usiku.

Lakini hesabu ilifanyika kweli. Tena kwa sauti, na kila aliyehesabiwa akaketi chini asihesabiwe tena. Kivulini, sabini. Juani, mia mbili na kumi na tatu, na Ochola, na Mwanatumu. Mia mbili na kumi na tano.

"Bi Jaha, mia mbili na kumi na tano!" alitangaza Bwana Lewa mwenyewe, kwa kinywa chake. "Mheshimiwa Aboud, sabini!"

Vigelegele vikapaa. Mwenye jiwe akalirusha juu, watu wakatawanyika, likaanguka, wakarudi wakaendelea kushangilia. Bi Jaha akainuliwa juu juu, akawa anapiga watu mabega washushe, "nishusheni, mna wazimu, nishusheni!" Ngoma ikatoka sijui wapi. Mheshimiwa naye alikuwa akipiga makofi. Taratibu, kwa heshima, kama mtu aliye kwenye harusi ya mwanawe.

Katika kelele hizo Bwana Lewa akaiweka fomu juu ya kijimeza, mbele ya Mwanatumu.

"Sahihi," alisema. "Kisha nenda kacheze ngoma."

Mwanatumu aliishia darasa la nne. Aliyeishia darasa la nne hasomi kwa macho, husoma kwa kidole, na kidole hakina haraka. Kikapita juu ya mhuri wa ofisi ya uchaguzi, Malindi. Kikapita juu ya jina la wadi. Kikashuka kwenye majina mawili.

*Aboud Bwanamkuu: 215.*

*Bi Jaha: 70.*

Kidole kikarudi juu, kikashuka tena. Maandishi hayakubadilika.

"Bwana," alisema, "umekosea."

"Nini?" Safari hii hakusikia kweli, kwa vigelegele.

"Umeandika kinyume."

"Aa, hapo." Bwana Lewa akainama karibu, sauti ya rafiki. "Sikiza, binti. Huku watu hupiga vigelegele. Malindi huandika. Kila mtu na kazi yake. Mbona wao wamefurahi? Waache wafurahi mpaka kesho redioni."

"Lakini ulitangaza..."

"Nilitangaza. Maneno hupeperuka. Karatasi hii ina namba, na ni moja tu kwa kituo. Hii ndiyo kura. Wale kule ni watu." Akamtilia kalamu mkononi. "Na Mheshimiwa hana choyo. Amesema ukuta utajengwa, lakini ufunguo wa bomba atakupa wewe. Wewe, Mwanatumu. Maisha. Kuna msichana wa darasa la nne aliyepata kazi ya maisha pwani hii?"

Mwanatumu akatazama kalamu. Akamtazama Mheshimiwa, ambaye bado alikuwa akipiga makofi. Akafungua kinywa ampigie kelele Bi Jaha, na sauti ikatoka, ile ile yake, ikafa hatua mbili mbele, chini ya ngoma.

Akajaribu tena. Hakuna aliyegeuka.

Basi akaiweka kalamu mezani. Akaikunja fomu mara moja. Akaikunja mara ya pili. Akaikunja mara ya tatu. Akafungua buibui kwenye kola, akaitia fomu ya serikali kifuani, ndani, chini kabisa, mahali ambapo mkono wa mwanamume asiye mumewe haujapata kufika wala hautafika.

Bwana Lewa alinyoosha mkono. Mkono ukafika nusu ya njia. Ukasimama hewani, ukajikumbuka, ukarudi.

"Toa hiyo fomu."

"Nitaitoa Malindi," alisema Mwanatumu, "mbele ya watu."

"Toa!"

"Ichukue."

Lilikuwa neno lake la kwanza maishani ambalo halikuhitaji kurudiwa. Waliokuwa karibu wakaacha kucheza. Ngoma ikapungua. Bi Jaha, bado yu juu ya mabega ya watu, akageuza shingo. Ochola akaanza kuja, mabega mbele. Makofi ya Mheshimiwa yakakoma moja baada ya jingine.

Bwana Lewa alimzunguka Mwanatumu mara moja, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Hakuuona. Mbele yake wazee, nyuma yake wake zao, na wote wanatazama mkono wake tu wauone utakwenda wapi. Mwanatumu akalikaza buibui kwa ngumi mbili. Kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka.

Bwana Lewa akaitia filimbi mdomoni, akapuliza mara tatu.

Landrova ya askari iliyokuwa imeegeshwa barabarani ikanguruma, ikakata uwanja, ikasimama mbele ya kijimeza na vumbi lake lote. Askari wawili wanaume wakashuka mbele. Wakamtazama Mwanatumu, wakatazama zile ngumi mbili, wakatazamana, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Watu wakaanza kuwazomea.

"Si nyinyi," alisema Bwana Lewa, na sasa yeye ndiye aliyetabasamu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kwanza kikashuka kiatu cheusi cha serikali.

Halafu sketi.